Jina Lililobaki kwenye Kumbukumbu

Mashine iliganda tena kwa mteja wa ishirini na tisa, na Harilal hakungoja watu watoke ndipo amtukane Siwema.

"Programu yako bovu kama wewe. Ikiganda tena leo, kesho usije."

Ofisi ya Harilal, pale Kariakoo, iliwatolea wafanyabiashara mizigo bandarini. Tangu biashara ziachiwe huru, kila mwenye duka alikuwa anaagiza Dubai, na kila mmoja alimficha mwenzake anakonunua. Ndiyo maana Harilal alishikilia jambo moja: mteja akiondoka, mashine isibaki na lake hata moja. Siwema, aliyeiandika programu, alitii. Ndani yake aliweka mkalimani, programu ndogo inayosoma kanuni za ushuru, akawa anamzima na kumwasha upya kwa kila mteja ili asahau ya aliyetangulia. Kumbe kila akizimwa anaacha mabaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na nafasi hiyo hairudi. Mabaki yakijaa, mashine inaganda.

"Mzee, tumwache mkalimani awake kutwa nzima," Siwema alisema. "Ila nipe siku mbili, nipange taarifa za kila mteja zifutwe moja moja."

"Nakupa nusu saa."

Kazi ile ndiyo iliyomlisha Siwema na mama yake Buguruni, kwa hiyo alimeza hasira, akapanga kufuta taarifa alizozikumbuka. Haraka haraka haina baraka, na mwenye haraka hakuwa yeye.

Mashine ikapita wateja thelathini, ikapita arobaini. Harilal akaanza kupiga mluzi. Ndipo Sitara, muuza vitenge, alipoisoma fomu yake, akaikunja upesi. Penye jina la muuzaji wa Dubai palikuwa pamebaki jina la muuzaji wa Abubakary, hasimu wake, aliyehudumiwa kabla yake. Abubakary hakuwa ameondoka. Alikuwa nyuma ya bega la Sitara, na alikuwa ameshaliona.

Harilal alimnyooshea Siwema kidole. "Ni huyu. Namfukuza sasa hivi."

"Huyu simjui," Abubakary alisema taratibu. "Siri yangu nilikupa wewe. Nipe mafaili yangu."

Wateja wengine wawili wakadai ya kwao. Siwema aliona raha, wala hakuona haya kuiona.

Harilal alimsogelea. "Rekebisha kwanza," alinong'ona, "halafu ndiyo uende."

"Umeshanifukuza, mzee," Siwema alisema, akachukua mkoba wake akatoka.