Kilio cha Mjane na Taa ya Makofi

Kule Burbank, mwaka ule wa themanini na saba, Rhonda Kowalczyk alikuwa na kazi moja tu: kuwachangamsha watu waliokuja studio kutazama mchezo, kabla kamera hazijawashwa. Siku hiyo bosi wa kituo cha televisheni, Bwana Lindqvist, alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, aamue kama mchezo wao utarushwa hewani au utatupwa. Ukitupwa, na Rhonda kwisha habari yake.

"Jamani, mmekula?" aliuliza kwenye maikrofoni. "Maana mwenye njaa hacheki, ananinunia kama mama mkwe wangu!"

Ukumbi ukaangua kicheko, mchezo ukaanza. Mjane anaoka keki ya siku ya kuzaliwa ya mumewe, kisha anakumbuka kwamba mwenyewe hayupo tena duniani. Watu wakaanza kufuta machozi. Sasa Gus, fundi wa taa, aliyezoea vichekesho vitupu, mkono ukamtangulia: akaiwasha ile taa iliyoandikwa MAKOFI, ya kuwaambia watazamaji wapige makofi. Na watu wa studio, wewe, taa ikiwaka ni amri! Wakapiga makofi huku kamasi zinawachuruzika.

Mwigizaji aliyecheza mjane akawageukia, mwiko mkononi. "Mnashangilia nini? Mume wangu kufa?"

Ukumbi ukalipuka. Bibi mmoja wa mstari wa mbele alicheka na kulia kwa pamoja mpaka miwani ikamdondoka.

Lindqvist akamvuta Rhonda pembeni, macho yamemwiva. "Sasa hii niiweke wapi, dada? Watu wa drama wako ghorofa ya saba, wa komedi ya nne, na hawasalimiani."

"Waozeshe, bosi. Chukua kichwa cha drama na mkia wa komedi, ushone. Dramedi!"

"Jina hilo nimeshalisikia kantini. Kila mtu mjini anaapa kalizaa yeye."

"Kumbe mtoto ana baba kila studio! Hakosi pa kulala."

Bosi kicheko kikamponyoka. "Haya, tunarusha. Ila ghorofa ya saba wakinizomea, nasema umenituma wewe."

"Sema, bosi! Tena jina langu ulitaje kwa sauti," Rhonda akajibu, na mbio kwa Gus, ampe habari kabla hajaipata kwa mwingine.