Samaki wa Mkwe

Ndoto ya jana ilinikuta nimeshakaa mezani, katika mgahawa wa Kichina, wa Kikantoni, ghorofa ya tisa ya hoteli kubwa, nimevaa suti ya kuazima. Mbele yangu Bi Mwanatumu, mama yake Saumu. Saumu nimeshamposa mara mbili, na mara zote mbili mama huyu kasema hapana. Leo amekubali tule kwanza, ndipo ajibu.

Birika la chai likaja lenyewe, limefunga tai.

"Hapa hatusemi asante," likatuambia huku likimimina. "Mnagonga meza kwa vidole viwili."

Bi Mwanatumu akagonga.

"Karibu!" ikaitika meza, ikafunguka, tukaingia. Ndani kulikuwa na mgahawa uleule, ila baridi kidogo. Tukakaa.

Sasa analetwa samaki wa mvuke, mzima, tangawizi mgongoni. Kichwa kinamwelekea Bi Mwanatumu.

"Shikamoo, mama," anasema samaki.

"Marahaba. Wa leo wewe?"

"Wa asubuhi hii. Mgeni wa heshima ni wewe, anza. Ila msinigeuze. Upande wa juu ukiisha, toeni mwiba, mle wa chini. Kwetu kumgeuza samaki ni kupindua mashua."

Upande wa juu ukaisha. Sahani ya Bi Mwanatumu iko tupu. Jamani, mimi nimelelewa Tanga! Mkwe akae na sahani tupu nikimtazama? Mkono ukaenda wenyewe, nikamgeuza.

"Haya," anasema samaki. "Nilisema."

Hoteli nzima inapinduka. Birika linamimina chai kwenda juu. Bi Mwanatumu ananing'inia kwenye taa, kichwa chini, kanga kaibana kwa magoti. Nikaona yamekwisha. Basi, Saumu nimemkosa.

"Nisamehe mama! Nilitaka upate mnofu."

"Hivi wewe, si uliambiwa usigeuze?"

"Niliambiwa."

"Ukageuza tu, kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, mama."

Akabembea kidogo.

"Haya, ulete huo mnofu."

Nikamrushia. Akaudaka kwa mdomo.

Nikaamka jua limeshatoka, simu inalia. Saumu.

"Wee, umemfanya nini mama? Kaamka tu, anasema utaje tarehe!"

Nikapiga kigelegele palepale kitandani.

"Lakini katoa sharti moja," akasema Saumu. "Samaki wa harusi atamgawa mwenyewe. Wewe usimguse."