Mzigo wa Mashine Namba Mbili

Miaka kumi na tisa Mama Kwaya alikunja shuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, na hakuna aliyefanya naye zamu hata siku moja akatoka bila kujua kwamba ni Mkristo. Hakuwa mtu wa kuhubiri. Aliimba. Aliimba sauti ya pili ya nyimbo za kanisani kwake, bila ya kwanza, kwa hiyo wenzake walizoea kusikia nusu ya wimbo kutwa nzima na kujijazia wenyewe iliyobaki. Ndipo walipompa jina hilo.

Chumba kilikuwa chini kabisa ya jengo, dirisha lake karibu na dari, hata ukitazama nje unaona viatu vya wapita njia tu. Mashine nne kubwa zilisimama ukutani, na aliyezitawala ni mwanamume mrefu, mpole, waliyemwita Mvuke kwa sababu kila ukimwona anatokea kwenye mvuke kama kiazi kilichochemshwa. Mvuke hakwenda kanisani. Kila Ijumaa, kwa miaka minne, Mama Kwaya alimkaribisha, na kila Ijumaa alipata jibu jipya.

"Kaka, Jumapili hii tunakuona?"

"Huko mbinguni kuna shuka za kufua, dada?"

"Hakuna."

"Sasa mtu wa kazi yangu niende kufanya nini?"

Wanacheka, kazi inaendelea.

Ijumaa moja Mama Kwaya alifika kazini na kitu kwenye mkoba. Nyumbani kwake maji yalikuwa yamekatika siku nne. Kesho yake kwaya yao ilialikwa kuimba harusini kwa binti wa mchungaji, na skafu yake nyekundu ya sare ilikuwa na doa la mafuta. Ukutani pale, kwa herufi kubwa, paliandikwa: NGUO BINAFSI HAZIRUHUSIWI. Maneno hayo aliyaandika yeye mwenyewe, mwaka alipofanywa kiongozi wa zamu. Lakini skafu ni kitu gani? Kitambaa cha kujaa kiganja. Mvuke alipokwenda kuangalia bomba lililokuwa linavuja, akaisokomeza katikati ya shuka za mashine namba mbili na kusukuma mlango kwa goti.

Nyumbani alikuwa akiifua kwa maji baridi na haikuwahi kuchuja. Mashine namba mbili ilikuwa inachemsha.

Saa moja baadaye yeye ndiye aliyefungua mlango. Skafu ilimwangukia mkononi kwanza, akaitia mfukoni mwa aproni kabla hajafikiri. Kisha akaona vilivyobaki. Shuka arobaini na makoti kumi na moja ya madaktari, vyote rangi ya waridi. Tena si mabakamabaka. Waridi sawasawa, kama vimetoka dukani hivyo.

Msimamizi wao alikuwa mama mfupi mwenye kitita cha funguo kiunoni, mtu unayemsikia kabla hujamwona. Aliingia, akautazama mzigo muda mrefu.

"Mvuke," akasema. "Tena?"

Neno hilo lilikuwa na historia yake. Miezi mitatu nyuma kalamu ilibaki kwenye mfuko wa koti, wino ukasambaa, na Mvuke akaandikiwa onyo.

"Ulikagua mzigo kabla ya kuwasha?"

Mvuke akaitazama mashine, akaitazama mikono yake. "Nilidhani nimekagua, mama."

"Jumatatu asubuhi niletee maelezo kwa maandishi. Ya kwanza niliyamaliza mezani kwangu. Haya yanapanda juu."

Mama Kwaya alikuwa hatua tatu kutoka pale, maji ya skafu yakimlowanisha paja. Akafungua mdomo. Kilichotoka ni, "Tujaribu dawa ya kung'arisha."

Wakajaribu mpaka mwisho wa zamu. Shuka nyingi zilirudi kwenye weupe wake. Makoti yaligoma.

Harusini kesho yake skafu iling'aa kuliko za wote. Doa lilikuwa limetoka kabisa. Jirani yake katika sauti ya pili aliishika akamnong'oneza, "Dada, unatumia sabuni gani?" Mama Kwaya akajibu kwamba hata hakumbuki, na wimbo ulipoanza akajikuta anafungua na kufumba mdomo kama samaki. Sauti haikuja. Hakuna aliyegundua, kwaya ilikuwa na watu thelathini na wawili.

Jumapili baada ya ibada alimsimulia mumewe. Mume huyu alikuwa fundi saa, mtu wa kuongea kidogo kwa sababu mdomoni mara nyingi ameshikilia skrubu. Safari hii akazitoa, akaziweka kwenye kisahani.

"Unaniomba ushauri," akauliza, "au unaniomba ruhusa ya kunyamaza?"

"La pili," Mama Kwaya akasema kwa unyonge.

"Basi hiyo sina, mama."

"Lakini fikiria. Miaka yote hii nawaambia habari za Bwana. Nikisema ni mimi, wataniona mnafiki. Litakaloaibika si jina langu, ni la Yesu."

"Na huyo Mvuke, yeye haaibiki?"

Mama Kwaya akainuka kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumatatu alifika kabla ya wote, au alidhani hivyo. Mvuke alikuwa ameketi juu ya kikapu cha nguo kilichopinduliwa, shati limepigwa pasi, karatasi mkononi. Mama Kwaya hakujipa nafasi ya kusalimia.

"Usiipeleke hiyo. Ilikuwa skafu yangu ya kwaya. Niliiweka mimi ulipokwenda kwenye bomba. Nikaiona mlangoni nikaificha. Wewe huna kosa hata nukta."

Mvuke hakukasirika upesi, hasira yake ilikuja kama maji ya moto kwenye yale mabomba ya zamani, kwa kukohoa kwanza.

"Toka Ijumaa," akasema. "Nimemwambia mke wangu nimekwisha. Mwezi ujao anafanyiwa upasuaji, na ameshinda siku mbili ananituliza mimi. Nilikaa nikijiuliza kama macho yangu yameharibika. Nikajiona mzee. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ulisimama pale pale."

"Nilisimama pale pale. Nisamehe, kaka. Naenda kwa msimamizi sasa hivi, na wenzetu wakija nitawaambia hapa, mbele yako."

Mama Kwaya akapanda ngazi.

Msimamizi alimsikiliza bila kuketi. Alikasirika zaidi kwa kuwa alikuwa amemwamini. Akampa onyo la maandishi, akamvua uongozi wa zamu kwa miezi sita, na kwa miezi hiyo akamweka kwenye kuchambua nguo chafu, kazi ya waajiriwa wapya, yenye glavu ndefu na harufu isiyohitaji maelezo. Mama Kwaya akatia sahihi. Saa nne, watu walipokaa kunywa chai, akasimama akawaambia saba waliokuwapo jinsi ilivyokuwa, bila kuipaka sukari. Mmoja akacheka kwa mshangao. Mwingine akasema, "Kumbe na wewe," na Mama Kwaya akakubali, "Kumbe na mimi."

Jambo lililomshangaza ni usingizi. Usiku ule alilala kama mtoto, akaamka njaa inamuuma, akala chakula cha watu wawili huku mumewe akimtazama.

Ila kwa Mvuke hali ilikuwa nyingine. Alimsalimia kwa adabu, akampa vikapu, basi. Ijumaa ilipofika Mama Kwaya hakumkaribisha kanisani. Aliona amepoteza haki hiyo. Hata kuimba aliacha, mpaka msaidizi mmoja wa kupiga pasi akalalamika kwamba bila ile nusu ya wimbo saa haziendi.

Makoti nayo yakawa na hadithi yake. Kumi yalitupwa kwenye matambara. La kumi na moja lilikuwa la daktari wa watoto, aliyeteremka mwenyewe kuliulizia, akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo cha mlango wa mashine. "Watoto wananikimbia nikivaa nyeupe," akasema. "Acheni nijaribu hili." Akaondoka nalo. Wiki iliyofuata akaomba la pili, na msimamizi akamwambia kwa uso mkavu kwamba rangi hiyo haipatikani kwa urahisi.

Ilipofika wiki ya tatu, Mvuke alikuja kwenye meza ya kuchambulia wakati wa mapumziko, akavuta stuli.

"Kabla ya hapa nilifanya kazi kwenye ghala," akaanza, kama anayeendeleza mazungumzo ya jana. "Bosi wangu alikuwa mzee wa kanisa. Alikosea hesabu ya magunia, akasema ni mimi. Nikafukuzwa. Siku ile ile mchana nilimwona anaombea chakula, macho amefumba. Miaka kumi na moja nimengoja mtu yule abishe hodi kwangu. Hata kuniambia pole. Hakuja."

Mama Kwaya alikuwa ameacha kuchambua.

"Ndiyo maana sikuja kwenu. Si sababu ya shuka." Akatabasamu kidogo. "Sasa nimekaa nawaza. Yule hakuja, lakini wewe umekuja."

"Nilichelewa siku tatu."

"Siku tatu nazimudu."

Mashine namba nne ilikuwa inasuuza, sakafu inatetemeka chini ya miguu yao.

"Mke wangu anaingia chumba cha upasuaji Alhamisi," Mvuke akasema. "Hapa hapa juu. Ningependa umwombee. Lakini si kanisani. Hapa, nisikie unasema nini."

Mama Kwaya akavua glavu. Maombi yake kwa kawaida yalikuwa marefu, yenye mapambo, na wenzake walizoea kuchungulia saa. Siku hiyo alimtaja mke wa Mvuke, akataja mikono ya madaktari, akaomba mume apate moyo wa kungoja, akasema amina.

"Fupi," Mvuke akasema.

"Ndiyo niliyokuwa nayo."

"Inatosha."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Baada ya mwezi mgonjwa mwenyewe aliteremka, akishika ukuta, kumwona huyo dada aliyemnyima mumewe usingizi kisha akamwombea yeye, na wakacheka mpaka akajishika mshono. Mvuke siku hizi huja kanisani Jumapili mojamoja. Hukaa karibu na mlango na kuondoka kabla ya matangazo. Mama Kwaya humwona kutoka jukwaani anapoingia, na hamkonyezi wala hampungii mkono. Humwachia nafasi yake tu, akaimba.