Kuku Wanaobadilisha Manyoya

Watu wa Ntalikwa wanasema Recheli ana maringo. Recheli ndiye mimi, kwa hiyo naomba niyaeleze mwenyewe hayo maringo. Nina kuku kumi na wanne aina ya kuchi, warefu, wa miguu minene, uzao wa kuku aliokuja nao mama yangu siku alipoolewa. Hakuna niliyemnunua gulioni. Kila mmoja namjua mama yake na bibi yake, na ukiniuliza nitakutajia mpaka uchoke.

Mwaka huu wataalamu wa mifugo walitangaza kwamba wanatafuta kuku wazazi. Mayai ya watakaochaguliwa yangetotoleshwa mjini, na vifaranga kugawiwa kata zote za pembeni. Niliandikisha jina siku ya kwanza. Nilitaka kuku wa mama wajae kila ua, kuanzia hapa hadi huko njia ya zamani ya misafara inakoelekea Ujiji, na sioni haya kusema hivyo.

Ukaguzi ulipangwa Alhamisi. Wiki mbili kabla yake kuku wangu waliacha kutaga, wakaanza kunyonyoka. Ua ukajaa manyoya kama mtu aliyepasua mto. Shingo zikabaki tupu, migongo mitupu, mikia hakuna. Jogoo mwenyewe alikuwa akipita pembezoni mwa ukuta, hataki kutazamwa.

Nilijua ni nini. Kuku akishataga mwaka mzima huvua manyoya ya zamani na kuota mapya, na wakati huo hatagi, anajijenga upya. Mama alikuwa akiwaongezea dagaa na kuwaacha wapumzike. Lakini wifi yangu Levina, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, hakutaka kusikia. Jumatano jioni alinijia na beseni la maji ya tumbaku, meusi tii.

Huku kwetu tumbaku ni zao, na ni dawa pia. Kuku akinyonyoka, watu husema ni utitiri, humwogesha maji ya tumbaku. Mwenye manyoya yake huenda akapona. Mwenye ngozi tupu, sumu humwingia moja kwa moja, na kesho yake unamzika. Halafu mtu anasimulia kwamba utitiri wa mwaka huu ni mkali.

"Wifi, kesho mgeni anakuja. Utamwonyesha viroja hivi?" Levina aliniuliza.

"Nitamwonyesha hawahawa."

"Basi tuwaogeshe. Kama hutaki, azima kuku wangu. Wana manyoya, wanapendeza. Atajuaje?"

"Mimi nitajua."

"Utauaibisha ukoo mzima, Recheli."

Nikamwambia maji yake akamwagie bamia, labda yatafukuza wadudu. Aliondoka amenuna, wala hatukuagana. Usingizi niliupata, lakini kwa shida.

Afisa alifika saa nne asubuhi kwa pikipiki, kijana wa Cheyo, kule mjini, anaitwa Nurdini, shati limepigwa pasi. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Levina naye alikuwa amekwisha kufika na kigoda chake, amekuja kushuhudia nikiumbuka. Nurdini alichungulia bandani bila kuingia, akafungua fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza, kalamu ikasimama kwenye orodha ya magonjwa.

"Pole mama. Hawa ni wagonjwa. Nimewakuta hivihivi asubuhi Itetemia, kwa mama Imakulata. Nimemshauri awachinje wote, wasije wakaambukiza."

Damu ilinichemka. "Huyo Imakulata, kuku wake uliwashika?"

"Inaonekana kwa macho, mama."

"Sikukuuliza macho. Nimekuuliza mkono."

Niliingia bandani, nikatoka na kuku aliyenyonyoka kuliko wote, nikamfunua bawa mbele ya uso wa Nurdini.

"Manyoya makubwa yalianza kudondoka hapa katikati, yanakwenda kuelekea ncha. Shika. Hivi vikonyo ni manyoya mapya, yanaota kwa mpangilio uleule. Utitiri haujui kupanga mstari. Na huyu ndiye anayetaga kuliko wenzake, ndiyo maana amevua kwa mkupuo. Kuku mvivu hudondosha moja leo, moja wiki ijayo, anapendeza mwaka mzima."

Hapo nilimtazama Levina, naye akatazama mlangoni.

Nurdini alishika bawa la kwanza, akashika la pili. Kisha akafunua ukurasa wa mwisho wa fomu. "Kuna kitenzi cha Kiingereza hapa," alisema taratibu. "Moult."

Mimi ni wa darasa la saba, nilikisoma herufi kwa herufi. Nikamwuliza kinatumikaje. Akasema hutumika kwa ndege anapobadilisha manyoya, kwa nyoka anapojivua gamba, hata kwa kaa; na kwamba Wamarekani hukiandika bila ile u.

"Chuoni nilikisoma mama, na mtihani nikafaulu. Ila kuku wa chuoni waliuzwa mara tu walipomaliza mwaka wa kutaga. Sijawahi kumwona kuku aliyefika hapa."

"Basi leo umemwona. Kitungie sentensi."

Aliandika mstari mzima, akanisomea kwa Kiswahili: kuku wote wanabadilisha manyoya, wana afya njema, wamechaguliwa, na mayai yachukuliwe watakapoanza kutaga. Nilimwomba anisomee tena. Nilijisikia mrefu kuliko banda lenyewe.

"Mimi nilijua tangu jana," Levina akasema. Nikamwachia, tukacheka.

Nurdini hakucheka nasi. Alikuwa ameshatoa simu, anapiga, haipokelewi, anapiga tena. "Mama Imakulata," alisema. "Panda mama, tafadhali."

Nilipanda na kanga yangu ya jikoni. Tulipofika Itetemia, maji yalikuwa yanachemka jikoni uani, na kuku watatu wamelala juu ya turubai, wamekwisha kuchinjwa. Imakulata alisimama na kisu mkononi, akidhani afisa amerudi kumharakisha.

"Mama, nilikosea," Nurdini alisema. "Hawakuwa wagonjwa."

Imakulata hakuelewa. Nilimtoa kuku mmoja chini ya tenga, nikafunua bawa, nikachukua kidole chake na kukipitisha juu ya vile vikonyo, kimoja kimoja. "Uliwatunza vizuri, na walikutagia sana," nilimwambia. "Ndiyo maana wako hivi."

Aliweka kisu chini. Akachutama kwenye turubai, akafunua bawa la kuku aliyechinjwa, akapapasa, akavikuta vikonyo vilevile. Wa pili, vilevile. Wa tatu hakumgusa. Alinyanyuka, akajifuta mikono kwa kanga, akamkazia macho Nurdini.

"Toa fomu yako," alisema. "Waliobaki ni tisa. Uandike na hawa watatu."