Mtungi wa Insulini

Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuiti mchawi.

Mimi, Mwatum, nina kisukari. Najidunga insulini, na kwa kuwa hatuna friji, dawa yangu naiweka ndani ya mtungi wa maji. Sukari ikishuka naijua: jasho, kutetemeka, maneno ya ovyo. Kwa hiyo mke mwenzangu Kauthar alipoanza kuamka hivyo kila asubuhi kabla hajala, na mama mkwe akasema ana shetani, mimi nilimnywesha maji ya sukari. Akatulia. Nikasema apelekwe hospitali.

Huko daktari alikuta sukari iko chini mno na insulini imejaa kwenye damu. Akauliza kama nyumbani yupo anayejidunga. Mume wetu Hija hakungoja neno la pili. Alirudi nyumbani Konde, akanisimamisha uani mbele ya majirani na kuuvunja mtungi wangu.

"Aijuaye dawa ya sumu ndiye aliyeitia," alisema.

Akanifukuza, nikarudi kwetu Fundo. Huku nyuma wakapiga marufuku maji ya sukari, eti ndimo nilimopitishia uchawi. Wajinga wakubwa. Asubuhi moja Kauthar akaanguka jikoni, mkono ukaungua mpaka kiwiko.

Daktari hakuwa amemaliza kazi yake. Mwili ukitengeneza insulini huacha alama kwenye damu, na ile ya sindano haiachi. Damu ilipelekwa Dar kupimwa, na alama ilikuwemo tele. Picha ikaonesha uvimbe kwenye kongosho, mdogo kama punje ya mbaazi, unaomwaga insulini hata mwenyewe akiwa na njaa. Atapasuliwa, utolewe.

Jana Hija akaja Fundo na kikapu cha halua. Halua, kwa mgonjwa wa kisukari! Akaongea kwa sauti ya chini, yaishe, nirudi nyumbani.

"Ulinivunjia heshima uani, watu wakisikia," nilimwambia. "Kanisafishe pale pale, mbele ya wale wale."

Akasema hiyo itakuwa aibu kwake.

Nikamsukumia kikapu chake.

"Basi hino halua mpelekee Kauthar. Yeye ndiye alokuwa akiihitaji sukari, na mkamnyima."