Jibu la Msikilizaji wa Nne

Kipindi cha mjadala cha asubuhi kilikuwa na utaratibu wake, na kwa miaka kumi na mmoja hakikuwahi kuuacha. Saa tatu kamili muziki, kisha salamu, kisha mtangazaji anaeleza mada. Wageni wawili wanavutana hadi saa tatu na nusu, yanapita matangazo, halafu simu za wasikilizaji, kila mmoja dakika moja, asizidi hata kwa kikohozi. Kwa ukali huo watu walimbandika mtangazaji jina la Bwana Dakika, naye akalipokea bila kinyongo.

Siku ya tisa baada ya kumzika dada yake, Bwana Dakika alirudi kazini. Mhariri, mama mmoja mpole, alimwomba apumzike, kwani mada yenyewe ilikuwa magari ya wagonjwa. Akajibu kwamba yuko sawa. Hakuwa akidanganya. Tangu mazishi alikuwa kama mguu uliokaliwa hadi ukafa ganzi: upo, lakini ukiufinya hausemi kitu.

Dada yake alivuja damu tangu saa nane mchana, akisubiri gari la hospitali. Jua lilipokaribia kuzama, jirani akampakia kwenye gari lake, lakini maji yalikuwa yamekwishazidi unga. Mhariri alilijua hilo. Wasikilizaji hawakulijua.

Wageni wa siku hiyo walikuwa mwalimu mstaafu aliyekuwa msemaji wa wakazi, na daktari mkuu wa hospitali ileile. Daktari alieleza kwa utulivu kwamba magari yapo matatu na yote ni mazima. Mwalimu akabisha. Bwana Dakika akawagawia muda kama kawaida.

Simu zikaanza. Wa kwanza alisifu, wa pili akalalamikia barabara, wa tatu akataka kuwasalimia wakwe zake, studio ikacheka. Wa nne alipoingia, mhariri alisimama nyuma ya kioo.

"Nina swali kwa daktari," ilisema sauti. "Jumanne ya wiki juzi, saa nane mchana, gari lilikuwa wapi? Nilipiga simu mara kumi na saba. Kila mara naambiwa linakuja. Mke wangu akawa ananiuliza, limefika? Namwambia liko njiani. Mpaka akaacha kuuliza."

Alikuwa shemeji yake. Sekunde ya sitini ilipogonga, mkono wa Bwana Dakika ulikwenda wenyewe kwenye swichi.

"Asante, msikilizaji. Muda wako umekwisha."

Akapokea wengine wawili. Daktari akawajibu wote kwa mkupuo: malalamiko yamesikika, yatafanyiwa kazi. Kilichobaki kilikuwa maneno ya kufunga. Bwana Dakika alitazama karatasi yake, akaigeuza kifudifudi.

"Daktari, hujamjibu msikilizaji wa nne."

Daktari alisema hana kumbukumbu za siku hiyo.

"Basi tutasubiri," alisema Bwana Dakika, akanyamaza.

Redioni kimya ni dhambi. Mhariri hakuweka muziki. Saa nne ikapita, msoma habari akibaki mlangoni na karatasi zake. Mwalimu aliinamisha kichwa.

"Gari lilikuwepo," alisema daktari hatimaye. "Dereva wa mchana hakuwepo. Aliacha kazi, hatujapata mwingine."

"Na waliopokea simu walijua?"

"Walijua. Tuliwaagiza waseme linakuja, watu wasipate hofu."

Bwana Dakika akamshukuru, akaaga. Alingoja kitu kivunjike ndani yake, machozi au hasira, lolote. Hakikuja. Kwenye korido daktari alimuuliza kama anamfahamu yule mpigaji.

"Mume wa marehemu dada yangu," alijibu, na kumwacha ameshika mlango.

Mkurugenzi wa redio alimwita, lakini Bwana Dakika akapeleka salamu kwamba atakwenda kesho. Alikwenda nyumbani kwa shemeji yake, akamkuta uani, akifua sare za watoto.

"Ulinikata," alisema shemeji bila kuinua macho.

"Nilikukata."

"Halafu ukamuuliza."

"Ndiyo."

Shemeji akamsogezea beseni la pili. "Haya, mjomba mtu, suuza soksi. Kesho wana shule."

Akakunja mikono ya shati, akachuchumaa. Alisuuza jozi moja baada ya nyingine. Alipotazama vidole vyake aliona vimesinyaa, ndipo akahisi kwamba maji yalikuwa baridi.