Randi Imeamkaje?

Kila Ijumaa baada ya sala, Watanzania wa Mayfair, Johannesburg, hupita dukani kwa Karimu, Mzanzibari anayewatumia fedha nyumbani, na kuiulizia randi, fedha ya Afrika Kusini, kama mtu anavyomjulia hali mgonjwa.

"Imeamkaje leo?" aliuliza Mwadini, muuza mapazia.

"Shilingi mia na arobaini, mzee wangu. Hata uji hainywi."

Watu wakacheka. Mwadini hakucheka. Miezi minane alikuwa ameshikilia fedha za kuezekea nyumba ya mama yake, Tanga, akingoja randi inyanyuke. Sasa masika yalikuwa yamebakiza wiki tatu, na mabati ya mama yalikuwa yametoboka kama chujio.

Alikumbuka mwaka aliofika Johannesburg. Randi moja ilitoa zaidi ya shilingi mia mbili. Mauzo ya mapazia ya mwezi mmoja yalinunua milango yote ya nyumba ile, na mama akampigia simu, akawa anafungua na kufunga mmoja mmoja ili mwanawe asikie vitasa vinavyolia. Siku zile Mwadini aliamini, na sasa akalisema kwa sauti, kwamba nchi yenye dhahabu fedha yake haianguki.

"Dhahabu peke yake haitoshi, Baba," alisema Fauzia, bintiye anayesomea uchumi, aliyesimama kando yake, Kiswahili chake kikijikwaa kidogo. "Umeme ulikatika miaka mingi, viwanda vikazalisha kidogo. Wenye mitaji wakiogopa, wanauza randi, wananunua dola."

"Kwa hiyo haitarudi ilipokuwa?"

"Inaweza kupanda, kazi zikiongezeka, watu wakiiamini nchi. Lakini Bibi hawezi kulala chini ya 'inaweza'."

Mwadini akaiweka bahasha ya fedha mezani. Kisha akatoa simu, akampigia mama yake palepale, akaweka spika.

"Shikamoo, Mama. Fedha ninazo, ila hazitoshi paa zima. Nilikuwa nangoja zipate nguvu."

"Marahaba. Miezi minane unangoja, na bati nalo linapanda bei huku! Ungeniambia, baba. Leta za chumba changu na jiko. Sebuleni mvua na ikae, maana wenye kukaa hamji."

 Mwadini akamsogezea Karimu bahasha yote.

"Nitakuja kulimalizia paa la sebule mwenyewe, Mama."

"Na mjukuu wangu?"

Fauzia aliinama karibu na simu. "Nakuja, Bibi," alisema, akiyatafuta maneno. "Nitashika ngazi."